Fimbo Zilipoingia Mlango wa Mbele

Enzi zetu sisi, nyinyi wenzangu mliozaliwa wakati wazee walipokuwa wakipima mistari ya chai kwa kamba na vijiti, nyumba ilikuwa na mlango mmoja. Mmoja tu. Mtu akiingia umemwona, akitoka umemwona, na mbuzi akiingia bila kuitwa anatokea hapo hapo akiwa na alama ya mwiko mgongoni. Nyumba ilikuwa mviringo, paa la nyasi, moto katikati, na watoto wamepangwa kando ya ukuta kama viazi. Kutoka Sosiot mpaka Longisa hakuna mtu wetu aliyejua nyumba ya namna nyingine. Sasa fikirieni watu kama hao wapewe nyumba ya mzungu.

Nisiseme tulipewa, tulinunua. Wazee waliuza ng'ombe mpaka zizi likabaki na inzi peke yao, na hata inzi walikuwa na huzuni. Mzungu wa shamba lile, upande huu wa Litein, alifunga masanduku yake baada ya uhuru akaenda kwao, na familia mbili zikaungana kuchukua shamba pamoja na nyumba. Familia ya kwanza ni yetu: baba, mama, shangazi, sisi watoto, na juu yetu wote Kogo, ndiyo bibi yangu, mama yake baba. Ya pili ilikuwa ya Arap Rotich na mke wake Bot Taplelei, yaani mama Taplelei, kwa sababu kifungua mimba wao alikuwa msichana wa jina hilo.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe, mabati mekundu juu, veranda imeizunguka kama mshipi kwenye tumbo la mzee, na milango kila upande. Sijawahi kuihesabu hiyo milango ikatoka sawa. Sisi watoto tuliingia huku tukatokea kule, tukaingia kule tukatokea huku, siku nzima, mpaka mama akasema tumeingiwa na wazimu wa mzungu. Mbele kulikuwa na majani mafupi ya kijani yaliyoteremka mpaka mtoni, mzungu alikuwa akiyakata kama nywele za mtoto wa shule. Sisi tulichukua ngozi kuukuu ya ng'ombe, tukakaa juu yake wanne wanne, tukasukumwa. Ee! Upepo unaingia mdomoni, unashindwa hata kupiga kelele! Chini kulikuwa na waridi. Hatukujua waridi ina miiba mpaka tulipofika. Jioni mama alinichomoa miiba matakoni kwa pini huku anacheka mpaka anakosea anadunga penye hakuna kitu. Watoto wa siku hizi wanateleza kwa kidole juu ya simu, halafu wanasema wamechoka.

Kogo na nyumba ile hawakuelewana. Aliingia siku ya kwanza akagonga sakafu ya mbao kwa kisigino, akasikia inaitikia, akasema, "Chini ya hii kuna mtu." Akaenda akaleta mavi ya ng'ombe na udongo, akaisiriba sakafu yote ya upande wetu ikawa sakafu ya kweli. Halafu akaanza kuuliza kona ni za nini. "Nyumba ya mviringo," alisema, "baridi ikiingia inazunguka inatoka. Hii ina kona, baridi inaingia inakaa, inasubiri chakula." Na yeye ndiye aliyechagua upande. Arap Rotich alipenda mlango wa mbele, ule wenye ngazi na nguzo, kwa hiyo waliogopa Kogo atakataa kumwachia. Kogo akawacheka. "Mlango wa mbele unaangalia barabara," alisema. "Ng'ombe hakamuliwi barabarani." Akachukua upande wa jikoni, unaotazama zizi, na mlango wa nyuma ukawa ndio mlango wetu. Kumbukeni hilo, kwa sababu ndilo lililotaka kummaliza shangazi.

Katikati ya nyumba kulikuwa na chimni moja kubwa, na sehemu mbili za moto zimepeana mgongo, moja jikoni kwetu, nyingine kwenye sebule ya kina Rotich. Tofali moja lilikuwa limetoka, likaacha tundu. Moto ukiwa mdogo, unaweza kuinama ukatia mdomo karibu na lile tundu ukaongea na mtu wa upande ule. Hiyo ndiyo ilikuwa simu yetu, na haikuhitaji kuwekwa chaji. Wa upande ule alikuwa Kimutai, kitinda mimba wa Bot Taplelei, rika langu. Tuliambizana wamepika nini. Mimi nasema, "Kwetu ni saga na kimyet," hiyo ni mboga na ugali kwa wasiojua, yeye anasema, "Kwetu ni kuku," na ni uongo, kuku nilikuwa namwona mwenyewe anatembea nje.

Shule, kwani nimesema kuhusu shule? Shule niliionja tu, kama chumvi. Tuache.

Sasa, mbona tuongee kwa tundu na tuko nyumba moja? Kwa sababu kulikuwa na vita. Mzungu aliacha beseni lake la kuogea, la chuma, lenye miguu minne kama mnyama. Kogo aliliona akajua mara moja kazi yake: ng'ombe walambie chumvi humo. Bot Taplelei naye aliliona akajua kazi hiyo hiyo. Kogo akasema bafu liko upande wake. Bot Taplelei akasema maji ya bafu yalikuwa yakitokea upande wake. Maneno yakaanza kwenye beseni yakaenda mpaka kwa marehemu. Mwisho, baba yangu akapiga misumari ya inchi sita kwenye mlango wa ndani, ule wa kwenye ujia, uliounganisha pande mbili, na akausukumia kabati. Tangu hapo watu wazima wa pande mbili hawakusemezana. Wakikutana kisimani, Kogo anasalimia ndoo.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa wakati shangazi yangu Chelang'at alipopata mchumba. Sisi kwetu shangazi anaitwa senge, na huyu senge alikuwa ndiye jua letu. Mrefu, anacheka kwa bega, anachuma chai kwa mikono miwili majani yanaruka kwenye kikapu kama yanaitwa kwa jina. Kule kwenye kituo cha kuuza majani alikutana na Kipng'eno, kijana wa upande wa Longisa aliyekuwa anapakia magunia kwenye lori. Nilikuwa napelekwa kituoni pamoja na senge ili watu wasiseme kitu, na mimi nilihongwa mandazi nisione kitu. Niliona, lakini mandazi yalikuwa matamu.

Lazima niwaeleze jinsi wazee walivyokuwa wakija kuposa kwetu, maana vijana watadhani walituma meseji. Wazee wa kijana wanafika mchana, hawasemi wametumwa na nani wala wanamtaka nani. Wanaegemeza fimbo zao kando ya mlango. Wenye nyumba wakizichukua na kuziweka ndani, basi wageni wamepokelewa, maneno yanaweza kuanza. Wakiziacha nje, wazee watatazama mawingu kidogo, watachukua fimbo zao na kwenda. Na fimbo ikishaingia ndani haitolewi nje mpaka maneno yaishe. Ikitoka kabla, hiyo ni kukataliwa, na ukoo ule haurudi tena mlangoni pako. Siku ya kwanza hata jina la msichana halitajwi. Wanasema wamepoteza ndama, wamefuata nyayo, zimeishia hapa.

Senge aliijua siku. Kipng'eno alikuwa amemnong'oneza kituoni. Basi siku hiyo mlango wetu wa nyuma ulifagiliwa mpaka udongo ukalalamika. Mursik, yaani maziwa ya kugandishwa, ilikuwa imening'inia kwenye kibuyu tangu wiki iliyopita, imeiva, ukifungua, pua inapiga magoti. Baba alivaa koti lake la harusi, kwenye jua la kuchoma mtu, akakaa karibu na mlango anajifanya anachonga mpini. Kogo alikuwa amejipaka mafuta. Senge alikuwa jikoni anasonga ugali usiohitaji kusongwa tena. Jua likapanda. Hakuna mtu. Jua likaanza kuinama. Hakuna mtu. Mursik ikatutazama, tukaitazama. Senge alikuwa anasonga bado, lakini bega halikucheka tena. "Labda wamekataa kwao," alisema polepole. Kogo akamjibu, "Longisa si hapo. Wana miguu, hawana mabawa."

Ndipo chimni ikaongea.

"Chebet! We Chebet! Weka sikio!"

Nikainama. Majivu yakaniingia puani. "Niko."

"Fimbo zimeingia kwetu!"

"Fimbo gani?"

"Za kuoa! Mama amezishika kwa mikono miwili, anacheka mpaka pengo linaonekana!"

"Wanamuoa nani?"

"Si mimi, bwege! Taplelei. Hata wamepewa mursik. Wanasema ndama wao amepotelea hapa."

"Wametoka wapi?"

"Longisa. Mmoja ana masikio marefu mpaka ameyakunja juu kama kamba ya ndoo."

Nyuma yangu mwiko ulianguka. Senge alikuwa amesikia. "Masikio marefu," alisema. "Huyo ni baba mdogo wa Kipng'eno." Akakaa chini kwenye kuni.

Mimi sikuelewa, lakini watu wazima walielewa wote pamoja, nikaona nyuso zao zinaanguka kama nguo kwenye kamba. Kipng'eno alikuwa amewaambia wazee wake, nyumba ni ya mawe, mabati mekundu, moshi haukatiki. Hakusema mlango gani. Angesemaje? Kichwani mwake nyumba ni kitu chenye mlango. Wazee nao wakaja kwa adabu zao, wakaona ngazi, wakaona nguzo, wakasema mlango wa heshima ndio huu. Bot Taplelei naye ana msichana mkubwa ndani, na hakuna fimbo iliyowahi kuegemea kwake. Akaona wazee watu wazima wametoka mbali, na fimbo zimeegemea mlangoni. Nani angeziacha nje? Mimi hata leo simlaumu.

Baba alisimama. "Naenda kuwaambia wamekosea mlango."

"Kaa," Kogo alisema.

"Mama, wanakunywa mursik ya watu wengine!"

"Wewe ukienda kuwaambia wazee wa watu kwamba wamepotea, watafanya nini?"

Baba akatazama mpini wake.

"Nijibu, wewe mwenye koti."

"Watachukua fimbo zao," baba alisema.

"Watachukua fimbo, watapita nazo nje kwa aibu, na zikipita nje mtoto wangu amekataliwa, mchana, na mbuzi wanaona. Hawatarudi hapa hata wakililiwa. Na wakiendelea kukaa pale, jioni watakuwa wamemposa Taplelei." Alikunja blanketi lake kwapani kama mtu anayevuka mto. "Sogeza kabati."

"Mama, ile ni misumari ya inchi sita. Nilipiga mwenyewe."

"Vizuri. Basi unajua iko wapi."

Wacha niwaambie, wenzangu, sijawahi kuona furaha kama ile, na sikuelewa hata tunafurahia nini. Kabati lilisukumwa, panya wakatoka, sisi watoto tukapiga kelele, baba akavua koti la harusi akachukua jembe akaanza kung'oa. Misumari ya enzi zile ilikuwa na msimamo. Nyumba nzima ikawa inalia ng'wii, ng'wii! Nikakimbilia kwenye tundu langu nisikie upande ule wanasemaje.

"Wenye nyumba," sauti nzito iliuliza, bila shaka ya yule wa masikio, "hicho ni nini kinachogonga ukutani?"

"Panya, baba," Bot Taplelei akajibu. "Ni panya tu. Kunyweni."

"Panya wa huku wamelishwa," mzee akasema.

Kogo akaweka mdomo kwenye ubao. "Chamgei, wageni!" akaita. Hiyo ni salamu. "Mmefika salama?"

Halafu yule mzee, mtu wa adabu kabisa, akajibu, "Tumefika, mama panya."

"Pitia nje kama watu wengine!" Bot Taplelei alifoka, kwa mara ya kwanza akimsemesha Kogo tangu beseni.

"Nje ni jua kali, na mimi ni mzee."

"Leo ndiyo umejua wewe ni mzee? Ulipolikokota lile beseni peke yako mpaka zizini hukuwa mzee?"

"Nilikuwa mzee mwenye hasira!"

Arap Rotich alikuwa anasema polepole, "Jamani, wageni, jamani, wageni," kama mtu anayefukuza kuku kwenye mahindi. Upande wetu baba alikuwa ametokwa na jasho na msumari mmoja umekataa katakata. Senge alikuwa ameshika mlango kwa viganja vyote viwili, hasukumi, ameushika tu. Hapo ndipo nikasikia sauti ya Taplelei, ambayo siku nzima haikusikika.

"Mama," alisema, "lete shoka. Mimi nitamuua huyo panya."

"Shoka la nini, wewe mtoto!"

Lakini alikuwa ameshalichukua. Taplelei alikuwa msichana mnyamavu, kila siku na kitabu chake, anataka kwenda kusomea unesi, na hakuna aliyemuuliza anataka nini siku ile isipokuwa kama ataongeza mursik. Akapiga. Moja, ubao ukapasuka. Akapiga tena, senge akaruka nyuma. Baba akavuta, Taplelei akasukuma, na mlango ukaanguka kwetu, puu! Vumbi la miaka likajaa ujia wote, watu wakawa weupe kama wamisionari.

Vumbi likatulia. Huku sisi, kule wao. Taplelei na shoka. Wazee watatu wamekaa kwenye viti vya mzungu, vikombe mkononi, wanatazama nyumba inazaa watu. Na fimbo zao zimeegemea ukutani, upande wa Bot Taplelei.

Kogo akapangusa uso. Akasema kwa sauti tamu ambayo sijui alikuwa ameificha wapi, "Karibuni nyumbani. Mtusamehe, nyumba yetu ni ndefu. Hapo mlipokaa ni sebuleni. Tulikuwa tunawafungulia njia ya kuja kwenye moto."

Ona akili ya mwanamke huyo! Hakuna aliyekosea mlango. Hakuna mgeni aliyepotea. Lakini neno lile halikuwa na miguu bila Bot Taplelei. Angesema tu, hii si nyumba moja, mimi ndiye niliyezipokea, na ukweli ulikuwa wake. Alisimama pale. Alimtazama binti yake.

"Mama," Taplelei alisema, chini kabisa, "ndama wao si mimi."

Bot Taplelei akamtazama senge yangu, aliyesimama kwenye vumbi na machozi yamechora mistari mashavuni. Nadhani alikuwa bado anafikiria. Halafu akaenda ukutani, akazichukua zile fimbo, akazibeba kama mtu anayebeba mtoto aliyelala, akavuka pale mlango ulipokuwa, ndani kwa ndani, bila fimbo kuona jua. Akaziegemeza karibu na moto wetu.

"Mama," akamwambia Kogo, "nilikuwa nakushikia wageni wako."

Kogo akamkamata mkono. Sisi watoto tulikuwa karibu, tukasikia alichomnong'oneza. "Beseni ni lako," alisema. "Lichukue hata leo."

Wazee wakahamia jikoni na vikombe vyao. Walikunywa mursik yetu juu ya ile ya kwanza, wakala ugali uliosongwa mpaka ukawa laini kama mkate, na yule wa masikio marefu akamsifu Kogo kwamba hajawahi kuona familia inayovunja mlango ili mgeni asipate baridi. Mpaka anakufa alikuwa akisimulia hivyo Longisa, na hakuna aliyemsahihisha.

Senge aliolewa. Siku anaondoka, aliyelia kwa sauti kuliko wote alikuwa Bot Taplelei, mpaka watu wakauliza mama wa msichana ni nani. Na Bot Taplelei alimwambia Kipng'eno usoni: fimbo zako zililala kwangu kwanza. Basi Kipng'eno akawa na mama wakwe wawili, na aliwaheshimu wote wawili. Kila Krismasi aliteremka na blanketi mbili, moja mlango wa mbele, moja mlango wa nyuma, na sukari. Kijana wa leo ana mama mkwe mmoja na amemblock. Taplelei naye alisomea unesi, akavaa ile nguo nyeupe, na mume alimtafuta mwenyewe kwa wakati wake. Mlango wa ujia haukurudishwa tena. Tuliulalia sisi wasichana, ukawa kitanda. Mimi na Kimutai peke yetu ndio tuliohuzunika, kwa sababu tundu la chimni halikuwa na kazi tena. Siri gani utanong'onezana na mtu ambaye mama yake na bibi yako wanakoka moto mmoja?

Nyumba ile ingalipo. Mashamba yamekatwa vipande, chai mpaka kwenye veranda, na watu wa ofisi wamekuja wakapaka rangi na kusimika kibao cha kusema ni nyumba ya kale. Vijana wanakuja kupiga picha kwenye nguzo, wamepinda kiuno kama wameumwa na siafu. Mimi niko kwenye kipande changu huku juu, nyumba ya mabati, ua pande zote, geti. Majirani wote wana geti. Wa kushoto namjua kwa rangi ya gari.

Juzi mchana nikasikia hodi. Nikafungua, nikaona wazee watatu na mama mmoja, wamevaa vizuri, wameleta sukari na soda kwa kreti, nyuso za watu wanaokwenda kwenye jambo. Sikuwajua, lakini kwani lazima? Moyo ulinidunda kama msichana. Nikawaambia karibuni, kaeni, nikakimbilia jikoni, nikatia maziwa kwenye sufuria, maziwa yote, nikawasha moto. Nikasikia simu inalia huko nje. Sauti ya kijana ikasema ndani ya simu, "Hapana, si hapo, mmepita, ni geti nyeusi." Nilipotoka walikuwa wameshasimama. "Tusamehe, Kogo," mama yule aliniambia, na alikuwa mwenye heshima. "Tumekosea mlango." Nikataka kumwambia, mama, kaa kwanza, hakuna mlango unaokosewa. Lakini simu ilikuwa inalia tena, na kreti ilikuwa inatoka getini.

Maziwa yakafurika kwenye moto. Nikarudi ndani, nikatia majani ya chai, nikatia sukari ya watu wanne.